"Pull strings" ya Waingereza: ni kubebwa, ni kimemo, au ni kuendesha mambo kwa nyuma ya pazia?

#1 Nyuki_Mkali
Wakuu, salaam.

Naleta hoja. Kila nikisoma manukuu ya tamthilia au habari zilizotafsiriwa harakaharaka, ule msemo wa Kiingereza "pull strings" naukuta umeandikwa "kuvuta kamba". Nasema waziwazi kwamba hiyo siyo tafsiri. Kuvuta kamba kwetu ni ule mchezo wa Mei Mosi, watumishi wa wizara hii dhidi ya wizara ile, au ni watu kuvutana kwenye mgogoro. Hakuna Mswahili anayesikia "fulani kavuta kamba" akaelewa kwamba fulani kampigia simu mkurugenzi aliyesoma naye ili mpwa wake apate kazi.

Na hiyo ndiyo maana yenyewe: kutumia watu unaowajua, kimyakimya, ili upate au umpatie mtu jambo ambalo kwa foleni ya kawaida lingechelewa au lisingetoka kabisa. Lazima uwe na mtu, na lazima jambo lisifanyike hadharani.

Sasa sisi tunasemaje? Na hizo nyuzi za Mwingereza zimetoka wapi?

#2 Kimbunga254
Huku Nairobi tunasema tu "ako na mtu". Ama "ako na tall relative", ambayo ni Kiingereza cha kwetu, hata Mwingereza mwenyewe utabidi umueleze. Na ukisikia "hiyo kazi ilikuwa na wenyewe" jua nyuzi zilivutwa kitambo, hata kabla tangazo litoke gazetini.

#3 Shangazi Kaja
Kubebwa. Mjadala umefungwa.

#4 Nyuki_Mkali
Shangazi usinifungie uzi hata haujachemka. Kubebwa ni upande wa anayesaidiwa. Msemo wa Kiingereza unamtazama anayesaidia, yule mwenye kauli. Aliye kwenye mbeleko anaweza hata asijue kuna simu ilipigwa usiku kwa ajili yake.

#5 Mwalimu Daraja A
Wa rika letu tulikuwa na jina lake: kimemo.

Vijana wa leo hamjavishika, ngoja niwaeleze. Kilikuwa kikaratasi kilichochanwa kwenye daftari la miadi, au nyuma ya kadi ya kikazi, kimekunjwa mara mbili, wino wa bluu. Kwa mwenye haraka kilikuwa na sentensi mbili tu: "Ndugu, mleta kikaratasi hiki ni kijana wetu. Tafadhali mwangalie." Chini saini isiyosomeka, na hakuna jina lililoandikwa kwa kirefu. Aliyekipokea hakuhitaji jina, saini aliijua kama anavyoijua sura ya mwenyewe.

Angalieni lile neno "mwangalie". Halijasema mpe kazi, halijasema mpitishe. Ukienda nalo mahakamani hupati kitu. Hapo ndipo palipo na ufundi wote wa jambo hili, na ndiyo maana naona "kutoa kimemo" ndiyo tafsiri iliyo karibu zaidi. Kipo kwa anayesaidia, ni cha siri, na hakina fedha ndani yake.

#6 Tanga_Kuu
Asante mwalimu, umenikumbusha mbali.

Kuhusu asili, mimi mtu wa pwani naona majahazi. Chombo chochote cha tanga kinaendeshwa kwa kamba. Kuna jarari ya kupandishia foromali, kuna demani ya kushikia tanga, na baharia mgeni ukimwambia "legeza" anaweza kulegeza isiyo yake akawatia matatani. Waingereza ni watu wa meli. Anayejua kamba ipi ivutwe ndiye anayekipeleka chombo anakotaka. Hapo ndipo msemo ulipozaliwa.

#7 Bwana Kitabu
Tanga_Kuu, unaloelezea ni msemo mwingine, "know the ropes", yaani kuzijua kazi na taratibu za mahali. Huo ndio unaohusishwa na meli za matanga. Kamba ni kitu kimoja, uzi ni kitu kingine, na hakuna baharia anayekuwa na nia ya kujificha akivuta tanga.

Nyuzi hizi ni za wanasesere wa jukwaani, wale wanaoning'inizwa. Mtu yuko juu nyuma ya pazia, mikono haionekani, chini mwanasesere anacheza kana kwamba anajiendesha. Na picha hiyo ni ya kale kuliko Kiingereza chenyewe. Plato aliwafananisha binadamu na vikaragosi wa miungu wanaovutwa kwa nyuzi. Horace, mshairi wa Roma, alijiambia mwenyewe kupitia kinywa cha mtumwa wake kwamba unaendeshwa kama kipande cha mti kinachotembezwa kwa nyuzi za mwingine. Marcus Aurelius, aliyekuwa mfalme wa dola nzima, alijionya tena na tena asivutwe na tamaa kama kikaragosi.

Na siyo Kiingereza pekee. Mfaransa anavuta nyuzi, Mhispania anazichezesha, Mjerumani anamwita mtu wa namna hiyo "mvuta waya". Ulaya yote ilitazama maonyesho yaleyale.

#8 Fundi Seremala
Nimewahi kuchonga hao wanasesere kwa ajili ya maonyesho ya shule, acha niongezee kitu ambacho kwenye vitabu hukioni.

Mwanasesere wa kawaida ana nyuzi tisa: mbili kichwani, mbili mabegani, moja mgongoni, mbili mikononi, mbili magotini. Zote zinapanda juu kwenye vipande vya mti vilivyopigiliwa msalaba, hicho ndicho unachoshika. Nyuzi za mabega ndizo zinazobeba uzito wote. Za magoti zinafungwa kwenye kipande cha peke yake, unakipindapinda kwa mkono wa pili ndipo anatembea.

Sasa jambo lenyewe: uzi hausukumi. Unavuta tu. Ukitaka mkono ushuke, huwezi kuusukuma chini, unalegeza na uzito wa mkono unafanya kazi yenyewe. Mkono ukiwa mwepesi mno unabaki umeelea hewani na watoto wanacheka. Ndiyo maana tunatia risasi, yale madini mazito, kwenye viganja na miguu. Mvutaji anafanya nusu, nusu nyingine inafanywa na uzito wa yule anayevutwa.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, mkubwa akivuta uzi ofisini na mambo yakaenda, jua kule chini kulikuwa na watu waliokuwa tayari kuangukia upande ule.

#9 Shangazi Kaja
Fundi hii ya mwisho nimeisoma mara mbili. Nimeondoa kufuli langu la #3.

#10 Binti Makunduchi
Assalaam aleykum. Bwana Kitabu umetaja vikaragosi, basi tuchimbe kidogo hapohapo.

Karagosi limetufikia kutoka kwa Waturuki, ni yule Karagöz wa michezo yao ya vivuli. Lakini Karagöz hana nyuzi hata moja! Anakatwa kwenye ngozi iliyokwanguliwa ikawa nyembamba kiasi cha kupitisha mwanga, anapakwa rangi, anabanwa kwenye kitambaa cheupe chenye taa nyuma, na anachezeshwa kwa vijiti. Kwa hiyo Mswahili aliyeazima neno hilo hakuazima picha ya nyuzi pamoja nalo. Ndiyo maana "kuvuta nyuzi" haituingii masikioni.

Sisi tuna kibaraka. Lakini kibaraka ni tusi la siasa, huwezi kumwita hivyo kijana aliyepigiwa simu na mjomba wake.

#11 MtotoWaBandari
Mbona hakuna aliyetaja kengele? Kwenye majumba ya mabwana wa Uingereza kila chumba kilikuwa na uzi wa kuvuta, ukiuvuta kengele inalia jikoni na mtumishi anakuja mbio. Mwenye uzi ndiye mwenye amri. Mimi naona hii inaeleza vizuri kuliko watoto wa mbao. Unavuta hapa, jambo linatokea kule, na hakuna anayeona waya uliopita ndani ya ukuta.

#12 Bwana Kitabu
Kengele hizo zilikuwepo, majumba makubwa ya karne ya 18 na 19 yalikuwa nazo. Ila bwana akimwita mtumishi wake hatumii ushawishi, anatumia haki yake ya ubwana, tena kila mtu ndani ya nyumba anaisikia ikilia. Siri iko wapi?

#13 MtotoWaBandari
Siri iko kwa wageni waliokaa sebuleni mkuu. Wao wanaona chai imeletwa tu. Nabaki na kengele yangu.

#14 Chicago Bongo
Wadau, naandika kutoka jiji ambalo jambo hili ni maisha ya kila siku, kwa hiyo nitakuwa mrefu kidogo.

Kwanza, kwenye siasa za Marekani za karne ya 19 waliotangulia kusikika sana siyo wavuta nyuzi bali wavuta waya. "Wire-puller" alikuwa yule mzee wa chama asiyegombea cheo chochote lakini mkutano ukiisha wagombea wote ni watu wake. Hii inaunga mkono Mjerumani aliyetajwa #7. Waya na uzi ni mwanasesere yuleyule.

Pili, Chicago ina neno lake, "clout". Kwingine likisemwa ni uzito wa mtu kwa ujumla. Hapa ni kitu unachokuwa nacho kwa mtu fulani, unaulizwa kabisa "clout yako ni nani?" kama unavyoulizwa shina lako la chama ni lipi.

Kuna kisa ambacho kila mwenyeji wa hapa anakijua. Mwaka 1948 Abner Mikva, akiwa mwanafunzi wa sheria Chuo Kikuu cha Chicago, aliingia ofisi ya chama cha Democratic ya kata yake akasema anataka kujitolea kwenye kampeni. Mzee wa kata akatoa sigara mdomoni akamuuliza: nani kakutuma? Akajibu: hakuna aliyenituma. Yule mzee akarudisha sigara mdomoni akamwambia hatutaki mtu asiyetumwa na mtu. Kijana alikuja kujitolea bure, hakuja kuomba kazi! Mikva baadaye akawa mbunge, jaji wa mahakama ya rufaa ya shirikisho, na mwanasheria wa Ikulu ya Marekani wakati wa Clinton. Lakini siku ile nyuzi hana, mlango umefungwa.

Meya Richard J. Daley alishika jiji kuanzia 1955 mpaka alipofariki 1976, na ajira za jiji zilipitia mfumo huo. Mwanasheria Michael Shakman aliufungulia kesi mwaka 1969. Mwaka 1972 likatoka katazo la kuwafukuza watumishi kwa sababu za kisiasa, na 1983 likaongezwa la kuwaajiri kwa sababu hizo. Jiji liliwekewa uangalizi wa mahakama na halikuachiwa mpaka 2014. Piga hesabu hapo muone nyuzi zilivyokuwa nyingi.

#15 Kimbunga254
"Hatutaki mtu asiyetumwa na mtu." Wueh. Hiyo iandikwe kwa mlango wa ofisi kadhaa hapa nyumbani ndio watu waache kupoteza pesa ya photocopy.

#16 Dada wa Ilala
Chicago Bongo, na ile kashfa ya vyuo vya Marekani ya 2019, watoto wa matajiri kuingizwa kwa jina la michezo ambayo hawajawahi kucheza? Si ndiyo hiyohiyo pull strings?

#17 Chicago Bongo
Hapana dada, tuitofautishe. Ile ya 2019 ilikuwa fedha. Rick Singer alipokea malipo ya wazazi, akawalipa makocha na wasahihishaji wa mitihani, akaiita njia yake "mlango wa pembeni". Alifungwa. Hiyo ni rushwa moja kwa moja.

Mfano halisi wa kuvuta nyuzi ni wa Chuo Kikuu cha Illinois, 2009. Gazeti la Chicago Tribune lilifichua kwamba chuo kilikuwa na orodha ya pembeni ya waombaji waliosemewa na wabunge wa jimbo, wajumbe wa bodi na wakubwa wengine, mamia yao kwa miaka kadhaa. Wengine walipokelewa wakati wenye alama nzuri zaidi wamekataliwa. Rais wa chuo alijiuzulu mwaka huohuo. Mtu alikuwa na mtu, basi.

#18 Mama Zuberi
Nimewasoma kimya tangu asubuhi. Wanangu, hamjagusa upande mmoja.

Mama yangu mzazi aliugua ghafla, tukafika hospitali moja kubwa tukaambiwa kitanda hakuna, kaeni kwenye benchi. Tulikaa mpaka giza likaingia. Dada yangu akakumbuka kwamba binti wa jirani yetu wa zamani ni muuguzi palepale, jengo jingine. Akampigia. Yule binti hakuja hata kwetu, alikwenda moja kwa moja kwa msimamizi wa zamu, na haikupita muda tukaitwa kwa jina. Mama akalazwa, akapona.

Je, kitanda kile kilikuwepo muda wote? Kulikuwa na mwingine kwenye benchi aliyestahili kabla yetu? Kulikuwa na mzee mmoja pembeni yangu amejifunika shuka la kijani, yeye hakuwa na wa kumpigia. Nilimshukuru yule binti na ninamwombea mpaka leo, na yule mzee namfikiria mpaka leo.

Kwa hiyo nataka kujua. Mwingereza akisema "pull strings", analaumu au anasifu?

#19 Nyuki_Mkali
Pole sana mama, na hongera kwa mzazi kupona.

Swali lako ndilo lililonifanya nianzishe uzi. Kwa ninavyosoma, Mwingereza hana hukumu ya kudumu. Akisema "alinivutia nyuzi nikapata kitanda" anashukuru. Akisema "alivuta nyuzi mwanawe akapata zabuni" analaumu. Msemo uleule, kinachobadilika ni nani kaumia.

Ila kuna kijineno kidogo kinachobadilisha kila kitu, nacho ni "the". Ukisema mtu "pulls strings", anaomba fadhila kwa watu wake, leo kwa hili kesho kwa lile. Ukisema "pulls THE strings", huyo ndiye anayeendesha kila kitu, waliokaa mbele ni sanamu. Yule muuguzi alivuta nyuzi. Mzee wa chama aliyetajwa #14, asiyegombea lakini anawapanga wagombea, huyo anazivuta ZOTE. Watafsiri wengi wanazichanganya hizi mbili, ndipo unakuta "anavuta kamba serikalini" na msomaji haelewi kama mtu aliomba kazi au alipindua nchi.

#20 Msomi wa Mbagala
Hiyo ya pili Wafaransa wana jina lake, "mheshimiwa wa kijivu". Alikuwa Padre Joseph, mtawa Mkapuchini, mshauri wa Kardinali Richelieu. Kardinali alivaa nyekundu, padre alivaa kanzu ya kijivu ya utawa, hakuwa na cheo serikalini, na mabalozi walijua ukitaka jambo la Ufaransa pita kwake. Alifariki 1638.

Waingereza nao wana "kingmaker", mtengeneza wafalme: Richard Neville, mtawala wa Warwick. Huyo ndiye aliyevuta nyuzi za Uingereza nzima.

#21 Bwana Kitabu
Padre Joseph nakubali. Warwick nakataa. Warwick alimsaidia Edward IV kukalia kiti mwaka 1461 kwa upanga, wakakosana, akamrudisha Henry VI mwaka 1470, na mwaka uliofuata akauawa vitani kule Barnet. Mtu anayekuja na jeshi na bendera havuti uzi. Kila mtu alimwona.

#22 Msomi wa Mbagala
Haukuwa upanga peke yake mkuu. Kulikuwa na ndoa pia. Mabinti zake wawili aliwaoza, mmoja kwa ndugu wa Edward, mwingine kwa mwana wa Henry. Kuoza mabinti kila upande, kama huko siyo kufunga nyuzi ni nini?

#23 Maskati_Yetu
Salaam kutoka Muscat. Huku kwetu jambo hili linaitwa wasta, na mzazi wa Kiswahili anakwambia hivyohivyo, "mwanangu kapata kazi kwa wasta". Ni mzizi uleule uliotupa wastani, yaani kati. Wasta ni mtu anayesimama katikati yako na kile unachokitaka. Katika nchi nyingi za Kiarabu vijana wanaita "vitamini waw", kwa herufi ya kwanza ya neno, maana bila vitamini hiyo hukui.

Na mtu haoni haya kuwa wasta, ndiyo tofauti na nyuzi za Mwingereza. Zamani mzee aliyekwenda kupatanisha koo mbili au kuposa alikuwa wasta, na ilikuwa heshima. Leo akikataa kumsemea kijana wa ukoo wake ndipo anapoonekana hana utu. Siri siyo sharti huku.

#24 Jirani wa Bukavu
Jambo ndugu zangu. Kwetu Kongo tunachukua ya Wafaransa, piston. "Huyu ana piston" ni kusema kuna mutu mukubwa nyuma yake.

Lakini munaona? Piston ya mashine inasukuma! Mungereza anavuta toka juu, Mufaransa anasukuma toka nyuma. Muhispania naye ana enchufe, ni ile ya kuchomeka kwenye umeme, maana yake umeunganishwa. Kila mutu ana mashine yake, matokeo ni moja.

#25 Kimbunga254
@Jirani wa Bukavu hapo umemaliza. Sisi tumechukua connection, pia hiyo ni ya waya.

#26 Nyuki_Mkali
Na sisi Bongo tumeifanya koneksheni. Kisha kuna "kumvutia mtu waya", yaani kumpigia simu. Vijana wa mjini walikuwa wanasema "ngoja nimvutie waya mjomba". Hakuna aliyeitoa kwa wale "wire-puller" wa #14, ni simu za mezani tu, lakini ukimvutia waya mjomba ili akusemee, umefika palepale.

#27 Shangazi Kaja
Mnazunguka mbuyu na neno mnalo: UNDUGUNAIZESHENI. Liko kamili, lina mkia wa Kiingereza na kichwa cha Kiswahili.

#28 Bwana Kitabu
Shangazi, undugunaizesheni ni pungufu ya jambo lenyewe, inahusu ndugu tu. Hiyo ni "nepotism", na chanzo chake kinajulikana: mapapa na wapwa zao. Callixtus III alimfanya mpwa wake Rodrigo Borgia kuwa kardinali mwaka 1456, na Rodrigo akaja kuwa papa mwenyewe mwaka 1492, Alexander VI. Ilikuwa kawaida mpaka Innocent XII alipoikataza rasmi mwaka 1692. Kuvuta nyuzi hakuhitaji udugu. Waweza kuvuta kwa mwanafunzi mwenzio wa sekondari, kwa mliyelala naye bweni moja, kwa jirani wa zamani kama Mama Zuberi.

#29 Dada wa Ilala
Kumbe ndiyo maana ya "Bob's your uncle"? Nimesikia ilianza Waziri Mkuu Robert Cecil alipompa mpwa wake Arthur Balfour wizara ya Ireland mwaka 1887. Ukiwa na mjomba Bob mambo yamekwisha.

#30 Chicago Bongo
Uteuzi wa 1887 ni wa kweli, na Balfour akaja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1902 akimrithi mjomba. Lakini maandishi yenye msemo huo yanaonekana miaka ya 1920, muda mrefu baada ya uteuzi huo. Msemo ungekuwa umetoka kwao, magazeti ya wapinzani wao yangeupigia ngoma mapema.

#31 Binti Makunduchi
Misemo mingi hukaa midomoni miaka kabla haijaandikwa, Chicago Bongo. Bibi zetu walikuwa na methali ambazo hakuna gazeti lililowahi kuzigusa. Mimi naona mjomba anabaki mshukiwa.

#32 MtotoWaBandari
Mimi nimeomba kazi kupitia Ajira Portal, ule mfumo wa serikali wa mtandaoni, nimeitwa usaili, nimepata, sina mjomba wala kimemo. Nasema hili kwa sababu vijana wakisoma uzi huu watakata tamaa wakae nyumbani wakisubiri nyuzi. Ombeni jamani.

#33 Mwalimu Daraja A
Hongera sana mwanangu, na nakuunga mkono. Mfumo umepunguza vikaratasi. Ila mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Palipo na kuhamishwa kituo, kupangiwa semina, kukaimishwa nafasi, huko mfumo haujafika, na simu zinapigwa.

#34 Mgeni Rasmi
Samahani wakuu, nimechelewa. Na ile "no strings attached" ni nyuzi hizihizi? Nimeletewa mkataba wa msaada wa kikundi chetu, mfadhili kaiandika kwenye barua.

#35 Nyuki_Mkali
Karibu. Hiyo maana yake msaada usio na masharti ya pembeni, hatakuja kesho kukwambia nunueni mbegu kwangu. Kiswahili chake kipo: "bila masharti". Soma mkataba wenyewe lakini, barua siyo mkataba.

Kama ni nyuzi zilezile, mimi naona ndiyo: kilichofungwa uzi kinaweza kuvutwa kirudi.

#36 Tanga_Kuu
Hapo ni uzi wa mfuko wa fedha, ile "purse strings". Zamani mkoba wa fedha ulifungwa kwa uzi mdomoni, mwenye kushika uzi ndiye anayeamua fedha zitoke au zisitoke. Na mkinibana, naona hata "pull strings" yenyewe inaweza kuwa imetokea kwenye mkoba huo. Mwenye fedha ndiye mwenye kauli, Uingereza kama Kilwa.

#37 Bwana Kitabu
Tanga_Kuu kutoka kwenye jahazi umehamia kwenye mkoba! Mkoba ukivuta nyuzi UNAFUNGA. Anayevuta nyuzi kwenye msemo wetu anafungua.

#38 Tanga_Kuu
Anafunga kwa wengine ndugu yangu. Muulize Mama Zuberi kuhusu yule mzee wa benchi.

#39 Mama Zuberi
Tanga_Kuu, umesema.

#40 Dada wa Ilala
Fundi Seremala bado upo? Nafundisha darasa la tano, nataka watoto watengeneze hao wanasesere kwa ajili ya siku ya wazazi. Nyuzi za kushonea zinakatika, tumejaribu. Na risasi ya viganjani siwezi kuwapa watoto.

#41 Fundi Seremala
Nipo dada. Risasi hapana kabisa kwa watoto, tumia nati ndogo za chuma kutoka duka la vifaa, wazifunge ndani ya kitambaa cha kiganja. Uzi tumia ule wa kushonea nyavu, mweusi, siyo nailoni inayong'aa, maana taa ikipiga wazazi wataiona yote. Anzeni na nyuzi tano tu: kichwa kimoja, mikono miwili, magoti mawili. Vijiti vya kushikia vifungwe kwa mpira, msipigilie misumari. Nitumie picha ya walipofikia, nitakuelekeza mahali pa kutoboa magoti.